Tenki la maji taka linafurika kila baada ya wiki mbili hata likinyonywa, nijenge jingine kubwa?

Swali la dada nalifupisha hivi: alinunua nyumba ya zamani, ina zaidi ya miaka 30, wanaishi watu sita. Miezi michache baada ya kuhamia maji machafu yakaanza kurudi bafuni, akaita gari likanyonya, mambo yakatulia kama wiki mbili, yakarudi, akaita gari tena, wiki mbili tena yakarudi. Fundi anamwambia tenki ni dogo avunje ajenge kubwa, jirani anamwambia amwage hamira, na shemeji yake kajitolea kushuka ndani aangalie kama kuna ufa. Uani kuna kisima. Aanzie wapi?

Dada, anza kwa kumzuia shemeji. Asishuke. Hata kama tenki limenyonywa limebaki tupu, hata kama mfuniko umekaa wazi tangu asubuhi, hata kama amefungwa kamba kiunoni. Tope la mle linazalisha gesi, kuna haidrojeni salfaidi ile yenye harufu ya yai viza, kuna methani inayowaka, kuna kabonidayoksaidi, na oksijeni inakuwa kidogo. Watu wanadhani hatari wataisikia kwa pua, kumbe hiyo haidrojeni salfaidi ikizidi pua inakufa ganzi, mtu anaona harufu imeisha anajua kuko salama, dakika hiyohiyo ameanguka. Alafu anayemfuata kumuokoa naye anaanguka palepale, ndo maana ajali za haya mashimo mara nyingi zinabeba watu wawili watatu wa familia moja. Yote unayotaka kuyajua unaweza kuyaona ukiwa umesimama juu, kwa tochi kali na simu inayorekodi video iliyofungwa vizuri kwenye fimbo ndefu. Nimesema tochi, sio kibiriti, na mwenye sigara akae mbali kabisa. Na mfuniko wa zamani msiukanyage, ntakueleza kwanini huko mbele.

Haya, tenki lenyewe. Kuna jambo watu wengi hawajawahi kuambiwa na ukilielewa nusu ya swali lako linajijibu: tenki la septiki linatakiwa liwe limejaa siku zote. Sio shimo la kuwekea uchafu mpaka lijae ndo liitiwe gari. Maji yanaingia upande wa nyumba yanatulia, vizito vinazama vinakuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea vinafanya utando juu, na yale maji ya katikati yanatoka kwa bomba la upande wa pili kwenda kwenye sokapiti, yani lile shimo la mawe au ile mitaro ya mabomba yenye matundu ambako ardhi inayanywa. Ukimwaga lita 1 chooni, lita 1 inasukumwa nje upande wa pili. Tenki halipunguzi maji hata kidogo, linazuia vigumu visiende mbele basi. Wa kuyamaliza maji ni udongo.

Sasa piga hesabu ya nyumba yako. Mko sita, tuseme kila mtu lita 80 mpaka 100 kwa siku, kuoga, kufua, choo na vyombo, hapo ni kama lita 500 mpaka 600 kila siku inayokucha. Tenki la lita 5000 likinyonywa lote linajaa tena ndani ya siku nane mpaka kumi, na hiyo sio ugonjwa, nyumba yoyote yenye watu wanaooga inafanya hivyo. Tofauti ni kinachofuata baada ya kujaa. Kwa mwenye sokapiti nzima maji yanaendelea mbele kimyakimya na anakaa miaka hajui hata tenki liko wapi, kwako likishajaa tu siku chache mbele bafu linajaa. Kwahiyo lile gari halijawahi kukutibia kitu, limekuuzia nafasi ya lita elfu kadhaa, mkaijaza, mkaita tena. Na tenki la ukubwa mara mbili litakupa wiki nne badala ya mbili, kwa gharama ya kuchimbua ua mzima. Fundi wako simuiti mwongo, tenki dogo mno ni tatizo kweli kwasababu maji hayapati muda wa kutulia (angalau yakae siku nzima ndani, mbili tatu ni bora zaidi), ila tenki dogo huwa linaharibu sokapiti taratibu kwa miaka, halirudishi maji bafuni kila baada ya wiki mbili.

Kwa mbali hivi namshuku sokapiti. Ila kushuku sio kupima, na kuna mawili mengine yanayofanana nayo kwa mtu aliye ndani ya nyumba: bomba kati ya nyumba na tenki kuziba, au bomba la kutokea kwenye tenki kuziba. Hayo mawili fundi bomba anayamaliza kwa siku moja. La tatu ni kazi ya kuchimba. Unaona kwanini usitoe hela ya ujenzi kabla hujajua ni lipi.

Na hapa ndo karibu kila mtu anakosea, anaita gari kwanza alafu ndo aangalie. Ukishanyonya umefuta ushahidi! Subiri maji yakianza kushuka kwa shida bafuni, punguza matumizi, alafu fungua mfuniko wa tenki KABLA ya gari kufanya chochote (watu wawili, kwa ndoano au mtaimbo, watoto wawe ndani ya nyumba), mulika uangalie kitu kimoja tu, usawa wa maji ukilinganisha na bomba la kutokea. Yakiwa sawasawa na sehemu ya chini ya tundu la hilo bomba, tenki liko kawaida, na kama bafuni bado yanarudi basi kuziba kuko kati ya nyumba na tenki, fungua chemba moja moja kuanzia tenki kurudi nyumbani, kati ya chemba iliyokauka na ile iliyojaa ndo penye kizuizi, mara nyingi mizizi, mafuta ya jikoni yaliyoganda, au pedi na zile tishu za kufutia watoto ambazo kwenye pakiti zinasema zinaweza kuflashiwa, haziyeyuki, msiziamini. Yakiwa chini ya bomba kwa sentimita nyingi na nyumba inatumika kila siku, tenki linavuja, kuna ufa au kiungo kimeachia, na hilo dada kwa mwenye kisima ni baya kuliko kufurika, kwasababu unaweza kukaa miaka hujui, unafurahi tu kwamba tenki lako halijai. Yakiwa juu ya bomba, yamelifunika, basi mbele hayaendi, ama T imeziba (kile kipande cha bomba cha umbo la T kwenye tundu la kutokea, nitakielezea chini) ama sokapiti imeshiba.

Ukiwa hapohapo mulika ukuta juu ya maji. Kama kuna mstari wa uchafu juu ya usawa wa bomba la kutokea maana yake maji yamewahi kupanda mpaka pale, hata kama leo yameshuka. Mstari huu ndo ungekuokoa siku ya kununua nyumba, kwasababu nyumba iliyokaa bila watu miezi kadhaa sokapiti yake inakauka inapumzika, ukienda kuangalia ukiflashi mara tatu inapita vizuri kabisa, unasaini, mnahamia watu sita, inashindwa. Naona ndo yaliyokupata, japo hujasema kama nyumba ilikuwa tupu. Wale wanaotia rangi chooni alafu wanaangalia kama itatokea uani nao msiwategemee sana, rangi isipotokea haithibitishi kitu, inaweza kuchukua siku kutokeza au isitokeze kabisa.

Kabla ya kunyonya pima tope pia. Chukua mti mrefu au bomba jepesi la plastiki, funga kitambaa cheupe cha taulo sehemu ya chini, shusha taratibu mpaka sakafu upande wa kutokea, acha dakika chache, vuta. Penye weusi ndo kimo cha tope. Tope likifika sentimita 30 chini ya mdomo wa T ya kutokea, au utando wa juu ukibakiza sentimita 15 kufika mdomo huo, muda wa kunyonya umefika kweli. Kwa nyumba ya kawaida inaangukia miaka mitatu mpaka mitano, wachache wanakaa zaidi, wengi wanasahau kabisa mpaka siku ya mafuriko.

Haya sasa gari lije, na usikae ndani kuangalia TV, simama pale ila upande upepo unakotoka. Maji yakishuka chini ya bomba la kutokea angalia lile bomba. Yakianza kurudi kutoka huko, yanamwagika ndani ya tenki unalonyonya, hapo huna haja ya mtaalamu, sokapiti imejaa mpaka juu na inakurudishia. Yakiwa hayarudi mwambie mtu achome bomba kuelekea sokapiti kwa waya wa kuzibulia, inawezekana kuna kizuizi tu na unaondoka umeokoa pesa nyingi. Wakati tenki liko chini mtu aflashi kila choo na kufungua kila bomba la nyumba mmoja mmoja, kila kimoja ukione kinaingia. Nyumba za zamani zina mambo, utakuta maji ya jikoni yanaenda kwingine kabisa, kwenye shimo ambalo hakuna aliyekwambia.

Likishakuwa tupu mulika tena. Kwa tenki la zege au tofali mahali pa kuangalia sana ni juu ya usawa wa maji, na chini ya mfuniko, sio sakafuni kama watu wanavyodhani. Ile haidrojeni salfaidi inapanda, bakteria walioko kwenye unyevu wa ukutani wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, na asidi inakula simenti miaka na miaka. Plasta inalainika, kokoto zinajitokeza, nondo zinaonekana zimepata kutu zimevimba zinapasua zege. Ndo maana nikasema usikanyage mfuniko, kwa juu unaonekana mzima kabisa na chini umebaki nusu ya unene wake. Gonga kwa ncha ya mtaimbo, zege zima linalia kavu, lililooza linamomonyoka. Mfuniko ukiwa hivyo badilisha wiki hii, hata kabla ya kugusa mambo mengine yote, weka uzio wa muda, mtoto akidumbukia mle hatoki. Tenki la chuma kama nyumba ina miaka yako hiyo nakushauri usilitengeneze, litakuwa limeshatoboka. Plastiki ina lake, kama maji ya ardhini yako juu usilikaushe kabisa msimu wa mvua, likiwa tupu linaweza kuelea na kung'oa mabomba.

Alafu T ya kutokea. Hiki ni kipande kidogo cha bomba kinachoshuka chini ya utando ili maji yatoke ya katikati na sio mafuta ya juu. Zilizojengwa kwa simenti zinaliwa na asidi zinaanguka, na kwenye matenki mengi ya zamani ukimulika hamna kitu, tundu tupu. Ikishaanguka kila ukiosha sufuria mafuta yanaenda moja kwa moja kwenye sokapiti, na nikikuta T haipo huwa sishangai tena kwanini udongo umekufa. Kuweka ya plastiki ni kazi ndogo na inafanyika kutoka juu. Ukijenga sokapiti mpya ukaacha tundu tupu, jiandae kujenga nyingine.

Tuseme vipimo vimeonyesha ni sokapiti. Kinachotokea ni kwamba pale maji yanapogusana na udongo bakteria wanajenga utando mweusi unaoteleza, kidogo ni mzuri unasaidia kuchuja, ukizidi ardhi hainywi. Unalishwa na vigumu na mafuta yanayopita tenki, na unanenepa pale udongo unapokaa umelowa bila kupata hewa. Kwahiyo kabla hujachimba popote tafuta maji ya bure yanayoingia. Choo kinachovuja ndani kwa ndani kinamwaga mamia ya lita kwa siku bila kelele: tia rangi ya chakula kwenye tenki la flashi, kaa nusu saa usiflashi, rangi ikionekana kwenye bakuli valvu imekufa. Nenda uangalie maji ya bati yanaenda wapi, kuna watu walielekeza mfereji wa paa kwenye chemba ya choo kwasababu ilikuwa karibu. Angalia uwanja unateremkia wapi mvua ikinyesha. Angalia kama kuna gari linapaki juu ya sokapiti, udongo ukishindiliwa haunywi na mabomba yanapasuka, na kama kuna mti mkubwa karibu mizizi ilishafika. Kama tatizo linakuja na mvua tu na kiangazi kunakuwa shwari, basi maji ya ardhini yanapanda mpaka usawa wa sokapiti, na hapo hata ukichimba upya kwa kina kilekile utarudi palepale, inabidi ipande juu, mitaro mifupi kwa kina au tuta la mchanga, kwa michoro ya mtu anayejua.

Hamira ya jirani? Haidhuru sana, haisaidii pia, kinyesi chenyewe kina bakteria wa kutosha. Poda za dukani ni vilevile, na baadhi zikichafua tope linapanda na kwenda mbele unazidisha ugonjwa. Asidi na vile vimiminika vya kuyeyusha mafuta nakukataza moja kwa moja, vinakula zege na vinashuka kwenye maji ya ardhini, yani kwenye kisima chako.

Dawa inayofanya kazi ni kupumzisha. Udongo usipopata maji, bakteria wa ule utando wanakosa chakula, hewa inaingia, utando unakauka na kumomonyoka, ila inachukua miezi mingi na hamuwezi kuacha kuoga miezi yote hiyo. Kwahiyo kama eneo linaruhusu jenga ya pili, weka chemba ya kugawia katikati, ya zamani ipumzike, baadae mnakuwa mnabadilishana, mwaka huu hii, mwaka ujao ile. Kwa maoni yangu hii ndo pesa inayokaa mahali pake, kuliko tenki kubwa.

Lakini upime udongo kwanza, usikubali fundi aseme kwa macho. Chimba tundu la upana wa sentimita 30 hivi mpaka kina ambacho sokapiti itakaa, jaza maji yalale humo usiku, kwasababu udongo mkavu unadanganya, unakunywa haraka siku ya kwanza. Kesho yake weka maji ya kimo cha sentimita 15 uangalie saa. Kikishuka sentimita 2 na nusu kwa dakika kadhaa mpaka nusu saa uko vizuri, ikichukua zaidi ya saa nzima kanuni nyingi zinakataa sokapiti ya kawaida mahali hapo, na maji yakitoweka ndani ya dakika moja usishangilie, udongo huo hauchuji, unapitisha vijidudu vibichi. Rudia kwenye matundu mawili matatu. Chini ya sokapiti ibaki angalau mita 1 hivi ya udongo mkavu kabla ya kufika maji ya ardhini, uhesabu kwa usawa wa msimu wa mvua, sio kiangazi. Na uliza mamlaka inayosimamia majengo kwenu kabla ya kuchimba, umbali kutoka mpaka wa jirani na kutoka kisima mara nyingi umeandikwa kisheria.

Kisima sasa, na hili usilisubirishe mpaka ujenzi uishe. Kanuni nyingi zinataka angalau mita 30 kati ya kisima na sokapiti, na mita 15 kutoka kwenye tenki, pima kwa futi kamba. Ukiwa chini ya hapo, au kisima kiko upande wa mteremko chini ya sokapiti, anza leo kuchemsha ya kunywa na upeleke sampuli maabara wapime E. koli, yani bakteria wa kinyesi, na naitreti, yani kemikali inayotokana na maji taka. Zote mbili, kwasababu kuchemsha kunaua vijidudu lakini naitreti hakuitoi, maji yakipungua kwa kuchemka ndo inazidi kukolea. Kiwango cha juu cha naitreti kwa WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika haraka ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, damu yao inashindwa kubeba oksijeni. Kama mnaye mdogo hapo ndani atafutiwe maji mengine mpaka majibu yatoke. Rudia kipimo mvua zikikolea, kipimo cha kiangazi peke yake kinaweza kutoka safi na bado kisima kikawa kinaingiliwa.

Maji yakirudi bafuni tena kabla hamjamaliza haya yote, fungeni mabomba, acheni kufua, vaeni glavu na mabuti mkisafisha na mmwage jiki mwisho baada ya kuosha kwa sabuni, sio juu ya uchafu wenyewe, na msiichanganye na dawa nyingine ya choo, inatoa gesi ya sumu.

Na kama mwisho wa siku ukaguzi utaonyesha tenki lenyewe limeoza ukuta mzima na inabidi ulihame kweli, usiliache limefunikwa tu na udongo juu. Linyonywe, sakafu itobolewe kwa mtaimbo mrefu au mashine kutoka juu ili maji ya mvua yasitulie ndani, mfuniko uvunjwe, lijazwe mchanga au kifusi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Sokapiti ya zamani usiifukie, hiyo itakuja kutumika ikishapumzika, ila iwekee alama ya kudumu na uchore ramani yake ndogo na vipimo kutoka kona ya nyumba, uiweke pamoja na hati.